Tairi la Akiba

Nilikuwa nimefungua mishono mia mbili na kumi niliposikia Irma akipangusa viatu kwenye mkeka wa mlangoni. Sikuinuka. Ukiinuka katikati ya mstari unapoteza hesabu, na hesabu hii sikutaka kuipoteza. Nikachomeka sindano pale nilipofika, nikaandika 210 kwa penseli juu ya ubao wa meza, ndipo nikamwambia apite, mlango uko wazi.

Alipita lakini hakuketi. Alisimama karibu na dirisha, mikono ndani ya mifuko ya koti, akilitazama tairi lililokuwa mbele yangu kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

Lilikuwa tairi la mume wake, Odiel, ambaye ni mdogo wangu. Ndilo lililokuwa kwenye gurudumu lake la nyuma siku ya mashindano ya dunia, mwaka mmoja na wiki mbili zilizopita, alipoanguka kwenye mteremko wa mzunguko wa mwisho.

Matairi ya mashindano si kama yale ya baiskeli ya posta. Hayana waya pembeni. Ni kitambaa kinachoshonwa kuzunguka tyubu mpaka kinaifunga kabisa, kama utumbo wa soseji. Juu ya mshono unabandikwa utepe, kisha tairi lote linagandishwa kwenye rimu kwa gundi. Likipata pancha, mtu inabidi aubandue utepe, afungue mshono, atie kiraka kwenye tyubu, halafu ashone upya kupitia matundu yale yale. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikaa kwenye meza hii hii na tairi lililochanika la marehemu baba, nikalifungua polepole na kuchora kila mshono kwenye daftari. Nikalishona. Likavuja. Nikalifungua tena. La nne ndilo lililoshika. Sasa ni miaka ishirini, na waendesha baiskeli kutoka hapa hadi mji wa Kortrijk walikuwa wanasema ukitaka kulala usingizi kabla ya mbio, mpelekee Zulma matairi yako.

Walikuwa wanasema. Tangu Odiel afe, karibu wote wanapeleka kwingine. Sijamlaumu yeyote. Hata mimi ningekuwa na mbio Jumapili, na nikasikia kwamba tairi la fundi fulani lilifunguka mteremkoni na kumuua ndugu yake mwenyewe, ningefikiri mara mbili.

Na ndivyo ilivyosemwa. Siku ya mazishi, tulipokuwa tunakunywa kahawa ukumbini, mtu mmoja upande wa pili wa meza alisema, bila ubaya wowote, kwamba uzi wa Zulma uliachia. Irma aliweka kikombe chini, akanitazama. Kabla ya hapo, kwa siku mbili na nusu, tulikuwa tumekaa hospitali, mimi upande huu wa kitanda na yeye upande ule, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa Odiel ambaye hakufungua macho hata mara moja. Alipokata roho asubuhi ile ya tatu, Irma alilia juu ya bega langu, si la mama yake. Baada ya ile kahawa hakuniita tena wifi. Tukikutana kwa mwokaji alisema, "Habari, Zulma," kama anavyomsalimia mtu wa forodha.

Baiskeli ilirudi ndani ya gari la mizigo. Matairi aliyaleta Achiel, ambaye alikuwa kwenye timu moja ya taifa na Odiel na alikuwa naye karibu sana siku ile. Aliyaleta ndani ya gunia la viazi, mawili: lile lililopata pancha, na hili la akiba alilolitia badala yake. Nililitundika gunia kwenye msumari kule chini, kwenye ghala la matairi, na sikulifungua. Nasema wazi kwamba niliogopa. Kila mara niliposhuka kuchukua kitu nilipitia upande wa pili wa ngazi.

Kisha Jumamosi iliyopita Irma akaja getini.

"Naondoka Jumatano, treni ya saa nne," alisema. "Dada yangu kanipatia kazi Roubaix, Ufaransa, kwenye kiwanda cha nyuzi."

Nikamwambia hongera.

"Sikuja kutafuta hongera. Lile tairi unalo?"

"Ninalo."

"Lifungue. Nimekuchukia mwaka mzima, Zulma. Nimechoka. Sitaki kuvuka mpaka na chuki ambayo hata sijui kama ni ya haki. Kama ni uzi wako, niambie, nitakuchukia vizuri. Kama si uzi wako, nitakuomba radhi hapa hapa getini, majirani wakisikia."

Nilimwambia nitalifungua. Nilimaliza kwanza kazi za watu watatu walionibakia. Jumatatu nililishusha gunia kwenye msumari. Na leo, Jumanne, baada ya chakula cha mchana, nikaanza.

Utepe ulibanduka kwa urahisi. Niliukagua kabla ya kuuweka pembeni, kwa sababu mimi hukagua kila kitu kinachotoka. Upande wake wa nje, ule unaogusa rimu, ulikuwa hauna gundi karibu mzunguko mzima. Kulikuwa na gundi kidogo tu karibu na valvu, urefu wa kiganja. Nikafikiri kokoto zimeikwangua. Baada ya kuanguka, tairi lilikuwa limejiviringisha kwenye fremu na likaburutwa na baiskeli mpaka kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Nikaukunja utepe, nikauweka pembeni ya meza, nikaanza kufungua mshono.

Kumi, mzima. Ishirini, mzima. Hivyo hivyo mpaka mia mbili na kumi.

"Unaweza kukaa," nilimwambia Irma. "Kuna kahawa kwenye jiko."

Akakaa. Alikuwa ameleta kikapu. Alitoa pampu ya Odiel, kopo la gundi lililobaki nusu, na kisu cha kubandulia. Akasema anaondoa vitu vyote nyumbani, na hivi hana pa kuvipeleka. Njiwa wao wa mashindano amewauza kwa mzee mmoja wa nyuma ya kanisa. Mzee alitaka apunguziwe kwa sababu wawili ni wazito, na yeye akamwambia wewe pia ni mzito, mzee, na mkeo hajapunguziwa. Nilicheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka kwamba hatujapatana, akatazama dirishani.

Niliendelea na kazi. Kumi nyingine, mizima.

Nikawa nawaza yale matairi matatu niliyomwandalia Odiel. Odiel alipochaguliwa, mmoja kati ya wanne wa nchi nzima, nilishuka ghalani na kuchagua ya hariri niliyokuwa nimeyatundika gizani miaka mitatu. Raba ikikaa gizani inatulia, inakuwa ngumu kuchomwa na jiwe. Kila moja lina mwaka wake kwa penseli kwenye utepe. Mawili nilimgandishia mwenyewe kwenye magurudumu, tabaka tatu za gundi, siku moja kati ya tabaka na tabaka. La tatu lilikuwa la akiba, la kubeba mgongoni.

Tairi la akiba lina utaratibu wake. Huligandishi barabarani, huna muda. Mpandaji akipata pancha analing'oa lililotoboka, anavuta la akiba juu ya rimu kwa vidole, anapiga pampu, anaondoka. Kinacholishikilia ni gundi kushikana na gundi: ile iliyobaki kwenye rimu, na ile ya zamani iliyo kwenye utepe. Kwa hiyo la akiba mimi huligandisha kwanza kwenye rimu kuukuu, nalikalisha wiki nzima, halafu nalibandua. Linatoka linanata. Linanata kwenye vidole, kwenye nguo, kwenye kila kitu, na linatakiwa linate hivyo. La akiba lisilonata linachomoka kwenye rimu ukikata kona kwa kasi, ni afadhali utembee kwa miguu. Kila mwendesha baiskeli katika nchi hii anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Nililikunja, nikalifunga kwa mkanda wa ngozi, nikampelekea Odiel nyumbani Alhamisi. Hakuwepo. Nikaliweka kwenye kiti cha jikoni. Irma alikuwa anapiga pasi. Alisema asante wifi, nikasema haya, nikaondoka.

"Alikuwa na wasiwasi?" nilimuuliza Irma sasa, bila kuinua macho. "Ile wiki ya mwisho."

"Odiel? Alikuwa anaimba bafuni. Alikuwa na miaka thelathini na moja, alijua hawatamwita tena. Alisema akishinda atafungua duka la baiskeli pale njia panda, nawe utakuwa na chumba chenye dirisha kubwa, uache kuharibu macho hapa."

Sikuwa najua hilo.

"Aliniambia nisikwambie," akasema. "Ilikuwa iwe zawadi."

Nilihesabu kumi nyingine. Mizima, lakini ilinibidi niihesabu mara mbili.

Irma alikuwa ameanza kushikashika vitu mezani, kama mtu anavyofanya akiwa hana kazi mikononi. Alishika nta, akainusa. Alishika penseli. Kisha akauchukua ule utepe, akaukunjua taratibu juu ya magoti yake na kuugeuza.

"Bado msafi," alisema.

Nilimuuliza nini.

"Huu. Nilidhani barabara itakuwa imeuchafua wote. Niliusafisha mwenyewe, wifi."

Neno wifi nililisikia kwanza. Mwaka mzima lilikuwa halijatoka mdomoni mwake, na lilipotoka lilinichukua hivi kwamba maneno mengine yalichelewa kunifikia. Nadhani nilitabasamu. Halafu yakafika.

Akanieleza. Hakuwa anakiri kitu. Alikuwa anasimulia kama anavyosimulia mtu kumbukumbu anayoipenda. Ijumaa jioni Odiel alikwenda kwa kinyozi. Yeye alikuwa ametundika ile jezi ya taifa kwenye mlango wa kabati, ya bluu kama mbingu, mpya, hata haijavaliwa. Akataka kuketi apumzike, akalinyanyua tairi kwenye kiti, na kiti kikanyanyuka pamoja nalo.

"Lilinata kama karatasi ya nzi. Nikawaza, hili ndilo atakalobeba mgongoni mbele ya dunia nzima? Wapiga picha wapo, mfalme labda yupo, na jezi ya nchi ina madoa kama aproni ya mpaka rangi? Watu wataniuliza mimi, si yeye. Watasema huyu ana mke kweli?"

Akafungua mkanda. Akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akasugua mpaka gundi ikatoka yote, isipokuwa pale karibu na kile kichuma cha kupulizia, maana aliogopa kukiharibu. Kisha sabuni. Kisha poda kidogo lisishike vumbi. Akalikunja kama lilivyokuwa, akafunga mkanda tundu lile lile.

"Mikono ilininuka mafuta ya taa mpaka kanisani," alisema. "Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka mara mbili."

Akaupapasa utepe kwa kidole gumba.

"Jezi walinirudishia hospitali. Wameikata kwa mkasi. Mbele yote ni damu, haifai hata kutazama. Lakini mgongoni, wifi, hakuna hata doa moja. Nimeikunja hivyo, mgongo ukiwa juu. Mimi angalau nilimtoa nyumbani akiwa safi."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Niliichomeka kwenye kitambaa cha tairi isije ikaanguka. Nikamwambia naenda kuchochea jiko, na nikalichochea, ingawa lilikuwa linawaka vizuri.

Nilikuwa nimesimama pale, nimempa mgongo, nilipokumbuka lile neno la Odiel.

Kila mtu kijijini analijua. Achiel alilisimulia siku ya mazishi. Odiel alipata pancha mzunguko mmoja kabla ya wa mwisho. Sheria ya mashindano yale ni kwamba hakuna wa kukusaidia, hata mwenzako wa timu, unajitengenezea mwenyewe. Alibadilisha kwa kasi ambayo Achiel anasema hajapata kuiona, akawafukuza waliotangulia, akawafikia kabla ya kilima. Alipompita Achiel alimgeukia na kumwambia, "Leo nimevalishwa kiatu cha Jumapili." Achiel alicheka, hakuelewa. Ukumbini watu waliulizana maana yake, na Irma ndiye aliyewaeleza. Odiel alikuwa anamtania kila wiki kwamba anazing'arisha mno viatu vyake vya kanisani, anapaka mpaka soli, na yeye anateleza kwenye vigae kama yuko kwenye barafu. Kwa hiyo neno la mwisho la mumewe lilikuwa utani wa nyumbani kwao.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili Achiel aliniambia mimi peke yangu, hapa mlangoni, alipoleta gunia. Baada ya utani ule Odiel aliongeza, "Kaa mbali na gurudumu langu." Achiel alidhani anamkatalia kujikinga upepo nyuma yake. Ilikuwa imemuuma kidogo, mtu wa timu moja kumwambia hivyo, na alitaka kuutua uchungu huo mahali.

Mtu aliyebadilisha matairi miaka kumi na mitano hahitaji kuambiwa. Vidole vyake vilimwambia pale pale kando ya barabara. Alishika utepe, akaukuta mkavu na una poda, akajua mara moja ni mkono wa nani, na alichokipata moyoni kilikuwa utani. Akalitia kwenye rimu. Akamwonya Achiel akae mbali. Kisha akapanda kilima, na juu kulikuwa na mtu mmoja tu mbele yake, Mwitaliano, sekunde ishirini. Angeweza kushuka taratibu. Angemaliza wa tano au wa sita, angerudi nyumbani kula mikate ya zabibu.

"Wifi," Irma aliniita. "Unawaza nini?"

Nilirudi mezani.

"Ninakumbuka kile kiatu cha Jumapili," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Ndicho kinachoniamsha asubuhi, kweli. Ningeachiwa hasira tu ningekufa. Lakini nawaza, alikuwa katikati ya dunia nzima, anapumua kwa shida, na aliyemjia kichwani ni mimi. Neno la mwisho na lilikuwa langu." Alipangusa pua kwa nyuma ya kiganja, kama wanavyofanya wasichana. "Haya. Umefika wapi?"

"Mia mbili na thelathini. Iko mia nne na ishirini."

"Na hiyo uliyofungua?"

Ningeweza kudanganya tangu hapo, lakini macho yake yalikuwa juu ya meza na mishono ilikuwa imelala mbele yake, kila uzi na urefu wake.

"Mizima," nikasema.

Aliitazama muda mrefu. Nilimwona anavyotaka. Alitaka iwe mizima yote. Alikuwa amekuja na radhi yake tayari, ipo mdomoni, imebaki kumeza mate tu.

"Labda iliyobaki nayo ni mizima," alisema.

"Labda."

"Basi itakuwa nini?"

Aliuliza polepole, si kwangu hasa. Lakini nilijua swali hilo halitaishia hapa. Atapanda nalo treni. Atamwandikia Achiel. Atamuuliza shemeji yake wa Roubaix, ambaye kila Jumapili ya Pasaka yuko kando ya barabara akiwasubiri wapandaji wa mbio za huko. Na yeyote atakayemuuliza, hata mtoto wa shule, atamwuliza yeye jambo moja kabla ya yote: la akiba lilikuwa na gundi?

"Nusu bado," nikamwambia. "Siwezi kusema kitu juu ya kazi ambayo sijaimaliza. Njoo kesho saa mbili, kabla ya treni."

Alikubali. Alijua nilivyo. Alikunja utepe vizuri, akauweka pale ulipokuwa, akafunga vifungo vya koti. Mlangoni alisimama, akanishika kiwiko, akakiachia haraka kama aliyejipa haki ambayo bado si yake.

"Kesho basi, wifi," alisema.

Nilimtazama mpaka akapinda kwenye duka la mwokaji. Kisha nikarudi mezani na kulichukua tairi kwa mikono miwili, nikaupitia mshono uliobaki kwa vidole gumba, nikiuvuta pande zote, sentimita kwa sentimita, mpaka nilipoanzia. Hakuna ulioachia. Yote mia nne na ishirini ilikuwa mizima. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kulijua hilo, na nilipolijua nililia, ingawa si kwa furaha.

Sitaki kusema ni kosa la Irma. Nimelizungusha kichwani kama ninavyozungusha gurudumu kutafuta lilipopinda, na kila mara linasimama mahali tofauti. Nililiweka lile tairi kwenye kiti chake na kutoka bila kumwambia neno. Miaka ishirini nafanya kazi hii, nikadhani kila mtu anajua, na yeye aliyekuwa anapiga pasi jikoni hakuna aliyewahi kumweleza, mume wala wifi. Odiel naye alijua, akateremka. Mwitaliano alikuwa sekunde ishirini. Mkono ulioshika kitambaa cha mafuta ya taa ulikuwa na upendo kuliko yote.

Nilifungua droo ya chini. Kuna kibiringo cha uzi wa pamba kilicholowa siku mto ulipofurika, zamani, na sikukitupa kwa sababu unafaa kufungia maharage bustanini. Nilikata kipande, nikakivuta. Kilikatika bila kelele.

Mishono kumi itatosha. Kati ya mia tatu na mia tatu na kumi, kwenye nusu ambayo Irma hajaiona ikifunguliwa. Nitaitoa iliyo mizuri, nitaweka huu uzi, nitauvuta mpaka uachie. Akija saa mbili nitamwonyesha. Nitasema nilikosea kibiringo. Atanichukia vizuri, kama alivyosema, na atapanda treni na kiatu chake cha Jumapili. Watu watatu waliobaki nao watasikia. Meza ina kazi nyingine. Naweza kushona magunia ya kiwanda cha sukari, wanatafuta watu kila vuli.

Nilitia uzi kwenye sindano. Nilipotazama, mkono wangu ulikuwa umeshaupitisha kwenye nta mara mbili, kama kila siku, na ule uzi mbovu umekuwa mgumu na wenye kushika. Nikautoa, nikakata mwingine. Nikashona mshono mmoja wa kujaribu pembeni, kwenye kitambaa chakavu. Ulikaa sawasawa, mkazo sawa, nafasi sawa. Nikaufungua. Nikashona tena. Ulikaa vile vile.

Nuru ilikuwa imeshatoka mezani na kwenda ukutani. Kengele ya jioni ilipigwa. Viazi vilikuwa havijamenywa, na maziwa mtindi yalikuwa bado ghalani. Nilichomeka sindano kwenye tundu la mia tatu, nikaandika namba hiyo kwa penseli chini ya 210, nikafunika tairi kwa kitambaa. Kesho nitaamka mapema.